Maswali ya Wasomaji: Unayajua Madokezo ya Magiki, au Umeyasikia Tu?

Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazohusu chemshabongo za magiki, yaani wale wapenzi wa kompyuta, magemu, vibonzo na hadithi za anga za juu ambao husemeshana kwa madokezo: namba 42, bata wa mpira, birika la chai. Anayejua hucheka, asiyejua hubaki kutazama midomo ya wenzake. Barua tumezifupisha, majibu hatukuyafupisha sana.

Shikamooni wahariri. Mimi ni katibu wa klabu ya kompyuta chuoni, Dodoma. Tunataka kuandaa chemshabongo ya watu kama 40. Mwaka jana tuliuliza maswali 60, tukamaliza usiku, na timu moja ikazoa karibu pointi zote. Tulikosea wapi?

Marahaba. Mlikosea kwenye idadi na kwenye mizani.

Watu 40 wagaweni timu 10 za watu wanne. Timu ikifika watu sita, wawili hujibu na waliobaki hula karanga. Andaeni raundi nne za maswali manane, jumla 32. Kila swali lisomwe mara mbili, kisha sekunde 45 za kuandika. Ukiongeza na minong'ono ya watu, swali moja linakula dakika moja na robo. Raundi inakuwa dakika 10, kusahihisha dakika tano kwa kubadilishana karatasi na timu jirani, na raundi zote nne zinaisha ndani ya saa moja. Hapo watu bado wana hamu.

Kuhusu timu moja kuzoa kila kitu, mara nyingi chanzo ni mtungaji. Mtu mmoja akitunga maswali yote, atatunga anachokipenda yeye. Kama ni mtu wa katuni za Kijapani, nusu ya maswali yatatoka Japani, na rafiki zake wanaotazama naye ndio watakaoshinda. Wekeni watungaji wanne, kila mmoja raundi moja: kompyuta na intaneti, magemu, filamu na tamthilia, vitabu na vibonzo. Katika kila maswali manane, matatu yawe ya mtu yeyote aliyezoea kompyuta, matatu ya anayefuatilia, mawili ya mchimbaji hasa. Kisha wajaribuni watu wawili ambao hawatashiriki, mmoja mjuzi na mmoja wa kawaida. Swali walilokosa wote wawili litupwe hata kama mtungaji analipenda. Swali walilopata wote ndani ya sekunde tano lifungulie raundi.

Ugomvi mwingine huletwa na swali lenye majibu mengi. “Gemu ya kwanza ya kompyuta ni ipi?” ni swali la kuvunja urafiki. Mmoja atasema Pong ya 1972, mwingine Spacewar! ya 1962, wa tatu ataleta Tennis for Two ya 1958, na kila mmoja ana hoja. Ulizeni “Pong ilitolewa na kampuni gani?” Jibu ni Atari, na hapo hakuna wa kubisha.

Wekeni akiba swali moja la namba kwa timu zitakazofungana, atakayekaribia zaidi ndiye mshindi. Zuri kwa kazi hiyo ni hili: alama za juu kabisa zinazowezekana katika Pac-Man ya 1980 ni ngapi? Ni 3,333,360. Gemu ile ina mwisho kwa sababu namba ya hatua ilihifadhiwa katika biti nane tu, na biti nane hazihesabu zaidi ya 255. Ukifika skrini ya 256 hesabu hufurika, nusu ya kulia ya skrini hujaa herufi na vipande vya rangi visivyo na mpangilio, na hakuna tena vidonge vya kutosha kula ili upite. Someni jibu hilo na sababu yake kwa sauti. Kwa maoni yetu, kueleza sababu baada ya jibu ndiyo nusu ya utamu wa chemshabongo. Mwenye kusoma majibu kama anaita mahudhurio ya darasa anaua shughuli.

Habari zenu wahariri. Kwenye kwizi moja hapa Nairobi tuliulizwa Darth Vader alimwambiaje Luke. Nikaandika “Luke, I am your father.” Nikanyimwa pointi! Kila mtu anajua ndivyo alivyosema.

Kila mtu anaamini hivyo, lakini sivyo alivyosema. Katika filamu ya Star Wars ya 1980, Vader anasema “No, I am your father.” Jina la Luke halimo. Lile “No” lina kazi yake: Luke ametoka tu kudai kwamba Vader ndiye aliyemuua baba yake, na Vader anamkatalia. Watu walipoanza kuyarudia maneno hayo nje ya filamu, ile “No” haikuwa na cha kujibu, wakaweka jina mahali pake ili msikilizaji ajue yanatoka wapi. Ndivyo maneno mengi mashuhuri yanavyogeuka.

Hata hivyo, na waliokuhukumu wana kosa lao. Wakitaka maneno halisi, swali liseme “neno kwa neno”. Wakitaka kujua kama unaifahamu filamu, maana ingetosha, na pointi ilikuwa yako.

Yapo mengine ya namna hii ya kujihadhari nayo. “Beam me up, Scotty” haikusemwa hivyo hata mara moja katika tamthilia ya kwanza ya Star Trek iliyorushwa kati ya 1966 na 1969. Iliyokaribia zaidi ni “Scotty, beam me up”, ambayo ilikuja katika filamu ya nne, mwaka 1986. Sherlock Holmes hasemi “Elementary, my dear Watson” katika riwaya zake nne wala katika hadithi fupi 56 za Conan Doyle. Frankenstein ni jina la mwanasayansi katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818. Kiumbe alichokiumba hakina jina. Na katika gemu ya The Legend of Zelda, Zelda ni binti mfalme: yule kijana mwenye kofia ya kijani unayemwendesha anaitwa Link.

Kwenye upande wa kompyuta, hadithi inayoharibu majibu kuliko zote ni ile ya mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta mdudu amenasa kwenye relei (swichi ya umeme), wakambandika kwa gundi ya karatasi kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba sasa wamepata mdudu wa kweli. Hapo wengi hujibu kuwa ndiyo asili ya kuita hitilafu ya kompyuta “mdudu”, kwa Kiingereza bug. Soma tena walichoandika: utani wao una maana kwa sababu neno tayari lilikuwepo. Thomas Edison alilitumia kwenye barua mwaka 1878. Grace Hopper aliyeieneza hadithi hiyo alikuwa akifanya kazi na kundi hilo, lakini siye aliyemtoa mdudu. (Mkiandika swali hili kwa Kiswahili, mdudu mwenyewe ni nondo. Andikeni “mdudu nondo”, maana neno likisimama peke yake nusu ya ukumbi itafikiria vyuma vya zege.)

Mimi ni msomaji wenu wa Mwanza. Kwa nini kila mahali kwenye mambo ya kompyuta nakuta 42? Rafiki yangu anasema ni kwa sababu ya alama ya nyota.

Inatoka kwa Mwingereza Douglas Adams, kwenye mchezo wake wa redio, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ulioanza kurushwa na BBC Radio 4 tarehe 8 Machi 1978, ukawa kitabu mwaka uliofuata. Humo kompyuta kubwa iitwayo Deep Thought inaulizwa jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Inakokotoa kwa miaka milioni saba na nusu, halafu inajibu: 42. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa anajua swali lenyewe ni lipi hasa.

Rafiki yako amepata nusu. Kwenye jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi na alama namba yake ndani ya kompyuta, namba 42 kweli ni alama ya nyota, na nyota kwa watu wa kompyuta huweza kumaanisha “chochote”. Inapendeza, lakini Adams alikana nadharia zote za namna hiyo. Alisema ulikuwa utani tu, alitaka namba ya kawaida, ndogo kiasi, akaichagua. Siku hizi utaiona zaidi kwa wachambuzi wa data, wanaoandika 42 kama mbegu, yaani namba ya kuanzia, ya namba za nasibu ili matokeo yajirudie kila wanapoendesha programu. Ukiweka 7 au 1000 itafanya kazi vilevile.

Desturi ya magiki kubeba taulo kila 25 Mei nayo inatoka kwake. Alifariki 11 Mei 2001, na wiki mbili baadaye wasomaji wake walibeba taulo siku nzima kumkumbuka, kwa kuwa kwenye kitabu chake taulo ndicho kifaa muhimu kuliko vyote kwa msafiri wa anga. Wanaendelea mpaka leo.

Nimeajiriwa karibuni Arusha kwenye ofisi ya waandishi wa programu. Wanacheka vitu nisivyovielewa: foo, bar, bata, birika, 1970. Nisaidieni nisionekane mgeni.

Pole, na hongera ya kazi. Foo na bar ni majina ya kushikilia nafasi, kama sisi tunavyosema “fulani bin fulani”. Yalienea kutoka kwa vijana wa klabu ya reli za kuchezea ya chuo cha MIT. Ukiyakuta kwenye programu ya mfano, usitafute maana: badilisha uweke majina yako.

Bata ni wa mpira, yule wa kuogea watoto. Unamweka mezani na kumweleza programu yako mstari kwa mstari, kwa sauti. Inasaidia kwa sababu kueleza kunakulazimisha kusema kila hatua, na kosa huwa kwenye ile hatua uliyokuwa ukiiruka kichwani. Ijaribu kweli, ni mbinu ya kazi. Hata kikombe kinatosha.

Birika ni msimbo 418, moja ya namba ambazo seva ya tovuti hujibu nazo. Unajua 404, ukurasa haukupatikana: tarakimu ya 4 mwanzoni inaonyesha kosa liko upande wa aliyeomba, na 04 ni nafasi yake tu kwenye orodha. Ile hadithi kwamba 404 ilikuwa namba ya chumba huko CERN, kituo cha utafiti ulikobuniwa wavuti, si kweli, usiitie kwenye chemshabongo yoyote. Tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter alichapisha RFC 2324 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), kanuni za utani za kuendesha mashine za kahawa kupitia intaneti. Birika la chai likiombwa kuchemsha kahawa, lijibu 418: mimi ni birika la chai. Utani ulipata mizizi, na seva kadhaa hujibu hivyo mpaka leo.

Ya 1970 ndiyo yenye faida zaidi kwako kikazi. Mifumo ya Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Kwa hiyo ukiona ujumbe, risiti au picha iliyoandikwa tarehe hiyo, huna haja ya kushangaa: kuna mahali muda haukujazwa, mfumo ukasoma sifuri. Kwetu sifuri hiyo huonekana kama 03:00, yaani saa tisa usiku, kwa sababu tuko saa tatu mbele. Ukikuta 31 Desemba 1969, aliyeandaa data yuko saa za Marekani. Na mwisho wake: mfumo unaohifadhi sekunde hizo kwa biti 32 zenye alama ya kujumlisha na kutoa hufika kikomo kwenye 2,147,483,647. Hiyo ni tarehe 19 Januari 2038, kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, hesabu hugeuka hasi na kalenda kurudi Desemba 1901. Kama ofisini kwenu kuna hifadhidata ya zamani yenye mikopo au bima za miaka mingi, tarehe za kuiva baada ya 2038 zinaweza kuleta kosa leo hii. Ukiligundua hilo hakuna atakayekuita mgeni.

Wahariri, mimi wa Mombasa. Maswali haya yote ni ya Wazungu na Wajapani. Hakuna ya kwetu?

Yapo, na ni matamu kuliko watu wanavyodhani. Yaacheni ya majina Simba na Rafiki katika The Lion King, kwa Mswahili hayo ni pointi za bure.

Anza na Luteni Uhura wa Star Trek. Jina linatokana na uhuru. Mwigizaji Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu kilichoitwa Uhuru, neno likampendeza mtungaji Gene Roddenberry, likalainishwa mwishoni likawa Uhura. Tamthilia ilianza 8 Septemba 1966, nchi zetu zikiwa na miaka michache tu tangu bendera zipande.

Kisha muziki wa gemu. “Baba Yetu” ya Christopher Tin, iliyotungwa kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ilishinda Grammy, na ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Swali la mtego: nani waliimba? Kwenye gemu ni Talisman, kundi la wanafunzi wa Stanford. Kwenye albamu ni Soweto Gospel Choir. Mtungaji asipotaja ni ipi kati ya hizo mbili, timu zote mbili zitakuwa sawa na zitagombana.

Jenga ni “jenga” yetu. Leslie Scott, aliyekulia Afrika akizungumza Kiswahili, aliupeleka mchezo huo kwenye maonyesho ya vinyago London mwaka 1983. Vipande 54, safu 18 za vitatu vitatu. Uliza idadi ya vipande, uone watu wanavyokokotoa.

Katika Star Wars ya 1983, rubani msaidizi wa Lando aitwaye Nien Nunb anasema lugha ya ajabu, na baadhi ya maneno yake ni Kikuyu. Sauti ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya.

Mitego miwili ya kumalizia. Lugha ya Wakanda, nchi ya kubuni katika filamu ya Black Panther ya 2018, ni Kixhosa, ingawa wengi watakimbilia Kiswahili. Ubuntu, jina la mfumo wa kompyuta, nalo ni la lugha za kusini. Sisi tunasema utu. Toleo lake la kwanza ni 4.10, na namba hiyo ni mwaka na mwezi: Oktoba 2004. Ukiuliza 24.04 maana yake nini, aliyeutumia miaka mitano bila kujiuliza atashtuka: Aprili 2024.

Tunazuiaje watu kutafuta majibu kwenye simu?

Kikapu cha simu mlangoni huleta manung'uniko. Tungeni maswali yasiyofaa kutafutwa. Pigeni sekunde tano za sauti, mara moja tu. Onyesheni picha iliyochorwa upya kwa kalamu, maana picha iliyopakuliwa simu huitambua mara moja. Waambieni wachore alama ya kuhifadhi faili kisha waandike kitu halisi kile kilibeba kiasi gani: ni diski ya inchi 3.5, megabaiti 1.44.

Jaribio tulipendalo ni la vidole. Waandike kwa mishale msimbo wa siri wa magemu ya kampuni ya Konami: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kazuhisa Hashimoto aliuweka kwenye gemu ya Gradius alipokuwa akiihamishia kwenye mashine ya nyumbani mwaka 1986, kwa kuwa ilimshinda ugumu wakati wa kuijaribu. Kwenye gemu ya Contra ukawa maarufu kwa kukupa maisha 30. Wengi wataongeza kitufe cha Start. Wapeni pointi, lakini elezeni kwamba Start ni ya kuanzisha mchezo tu, na Select iliyotangulia Start ni ya kuchagua wachezaji wawili. Mkono huikumbuka mishale hii kuliko mdomo, kwa hiyo mtaona watu wazima wanabonyeza hewa kwa vidole gumba kabla ya kuandika. Spika ijaribuni ukumbi ukiwa na watu, maana ukumbi mtupu hudanganya.

Nipo peke yangu kijijini, Kasulu, sina timu. Nijipimeje?

Chukua karatasi. Kwa kila dokezo jipe pointi moja ukijua linatoka wapi, ya pili ukijua nani au mwaka gani (ukikosea ndani ya miaka mitano tunakusamehe), ya tatu ukiweza kumweleza mtu asiyejua kwa nini lilikuja. Andika kabla ya kusoma jibu, kwa sababu ukishasoma utajidanganya kuwa ulijua. Haya hapa matano: lugha ya Python imepewa jina la nani, barua taka ziliitwaje “spam”, Mario alianza na jina gani na kazi gani, “yai la Pasaka” kwenye gemu lilianzia wapi, neno “roboti” ni la lugha gani.

Majibu. Python si nyoka: Guido van Rossum, aliyeitoa 1991, alilichukua jina kutoka kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Spam nayo ni ya hao hao, kutoka igizo lao la 1970 lenye mgahawa ambamo kila chakula kina nyama ya kopo iitwayo Spam na neno linarudiwa mpaka mazungumzo hayasikiki. Mario aliitwa Jumpman katika Donkey Kong ya 1981 na alikuwa seremala. Ufundi bomba ulikuja na Mario Bros. ya 1983. Yai la Pasaka ni chumba cha siri ndani ya Adventure ya Atari, ambamo Warren Robinett aliandika jina lake kwa kuwa kampuni haikuwatambua watungaji hadharani; ufunguo wake ulikuwa nukta moja ya kijivu, ndogo kiasi cha kutoonekana, ambayo mchezaji alipaswa kuibeba. Roboti ni Kicheki, kutoka neno la kazi ya shokoa, kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya 1920.

Ukipata 12 kati ya 15, tuandikie. Tunahitaji mtu wa kutusahihishia maswali ya toleo lijalo.